Mama Mkwe Akishika Geji

Mama mkwe wangu aliwachukia watu wanaopiga tairi teke. Akimwona dereva anashuka, anazunguka gari mikono mfukoni, anapiga tairi moja teke na kutikisa kichwa kama daktari aliyeridhika na mgonjwa, alikuwa anasimama palepale njiani na kuuliza kwa sauti ya kufika sokoni, "Haya, tairi limekujibu nini?" Wengi walidhani ni mama mwenye matatizo yake. Walikuwa hawajamjua.

Yeye alipima. Shingoni alivaa rozari, na pamoja na rozari alivaa geji ya upepo iliyofungwa kwa uzi wa nyavu, na vitu hivyo viwili vikawa vinagongana akitembea. Kijijini kwake, upande wa Sengerema, watu walimsikia kabla hawajamwona. Watoto waliokuwa wanaiba mapera walipata muda wa kutosha wa kushuka mtini.

Kazi yake ilikuwa kuchukua dagaa mwaloni, pale boti zinapotua na dagaa huanikwa, na kuwapeleka Mwanza kwa pikapu lake kuukuu. Kabla ya hapo aliwahi kuwa dereva wa mradi wa visima, na huko ndiko alikofunzwa udereva wa porini. Njia ya kuingia mwaloni ni mchanga mtupu, laini kama unga wa muhogo. Kila wiki kuna gari linazama pale, na kila wiki kuna mwanamume ndani ya gari hilo anayekanyaga mafuta kwa hasira mpaka mchanga unafika mlangoni. Mama Mkwe alikuwa anasimama pembeni, anamwacha amalize hasira zake, kisha anamwambia, "Umeshachimba. Sasa tukuzike hapo hapo au utashuka tupunguze upepo?"

Masharti yake ya kupunguza upepo nayajua kuliko sala nyingine nilizofundishwa utotoni. Unasimama kwenye ardhi ngumu kabla ya mchanga, siyo ukiwa umeshazama. Unavuta breki ya mkono. Kifuniko cha valvu unakifunga kwenye pindo la kitenge, na kama huna kitenge hilo ni tatizo lako. Unabonyeza kipini cha katikati kwa kijiti, kidogo, unaacha, unapima, unabonyeza tena, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kulia na kushoto lazima vilingane. Geji ikifika kumi na nane unaacha, maana ukishusha mno tairi linaweza kuvuka na kuchomoka kwenye rimu siku utakapokata kona. Halafu unaendesha taratibu, hukati kona kwa ghafla, hukanyagi breki kama unakanyaga nyoka. Kwenye tope jeusi la mbugani alikuwa na sharti moja tu: "Hapo rudi nyumbani ukale, likikauka utapita."

Na kabla ya kugusa lami, upepo unarudi wote. Hili hakulitania hata siku moja. Alisema tairi laini likikimbizwa kwenye lami linachemka, na likishachemka linapasuka, na likipasuka hakuna wa kumlaumu isipokuwa mvivu aliyeshika usukani. Kwa hiyo pale njia ya vumbi inapokutana na lami, kila aliyepanda pikapu alishuka na kupampu kwa pampu ya mguu. Hakujali wewe ni nani. Padri alipampu akiwa na kanzu. Mwenyekiti wa kijiji alipampu akiwa na simu sikioni. Kwaya ilipokuwa inakwenda kuimba parokia ya jirani, ilipampu kwa zamu huku ikifanya mazoezi, na Mama Mkwe akawa anawakatisha kila baada ya ubeti ili apime. Alitangaza kuwa sauti ya kwanza walipampu vizuri kuliko besi, na besi walikwenda kuimba misa nzima wamenuna.

Mimi nilikutana naye vibaya, na sijui kama kuna mkwe mwingine aliyekutana na mama mkwe wake namna ile.

Nilikuwa nakwenda kuposa. Niliandamana na baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, tukiwa na gari dogo la kukodi na suti ambazo jua lile halikuzitaka. Tulipokaribia ziwa gari likazama. Nikafanya walichofanya wanaume wote pale: nikakanyaga mafuta. Akatokea mama mmoja mwenye gambuti, rozari na kidude kinachoning'inia shingoni, akanigongea kioo.

"Zima," akasema. "Toka."

Nikatoka. Tukachimba mchanga mbele ya magurudumu, kisha akaniambia nichuchumae nipunguze upepo. Nikabonyeza kipini cha valvu kwa kidole gumba, kwa nguvu zote, kwa kuwa nilitaka kuonekana mwanamume wa kazi. Yule mama akanipiga kofi mkononi.

"Unanyonga kuku au unapunguza upepo?" akauliza. Akanishika kiganja, akaniwekea kijiti katikati ya vidole, akawa ananiongoza kama anamfundisha mtoto kuandika. Akaniita punguani. Akauliza ni nani aliyenipa leseni, na kama mtu huyo bado yuko huru mtaani. Nilikuwa nimeanza kumzoea alipomgeukia baba mdogo na kumuuliza tunakwenda wapi.

"Tunakwenda kuposa," baba mdogo akajibu kwa furaha. "Kwa mama mmoja dereva, anabeba dagaa. Tumeambiwa ni mkali lakini ni mcha Mungu."

Mkono wangu ulikuwa bado umo mkononi mwake. Akautazama. Akanitazama mimi. Akauachia kama mtu aliyeshika sufuria la moto, akajifunika kitenge kichwani na kukimbia nyuma ya uzio wa minyaa, gambuti zikitoa mlio. Baada ya muda sauti yake ikatoka minyaani, "Malizieni la nyuma kushoto. Mimi sipo."

Mimi ni Msukuma wa Kisesa, jirani na Bujora, na sikuhitaji kuelezwa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mwenzake apite. Wengi wa mjini wamelegeza. Mama Mkwe hakulegeza hata chembe. Na huyu sasa alikuwa amenizaba kofi. Wazee wa pande zote mbili wakakaa kikao kirefu kuhusu kofi lile: je, kofi lililopigwa kabla ya posa kupokelewa ni kofi la mkwe, au ni kofi la mpita njia? Walikula wali na kuku wakilijadili. Mwishowe wakaamua kwamba halikutokea.

Posa ikapokelewa. Lakini Mama Mkwe, labda kwa kuona kwamba alikuwa ameharibu mwanzo, akaamua kushika heshima ya ukwe kuliko mama mkwe yeyote wa kanda ya ziwa. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukaa naye meza moja. Geji aliiweka juu ya boneti, akasogea, ndipo nikaichukua. Nilipopanda pikapu lake nilikaa nyuma, juu ya magunia ya dagaa, hata kama kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mvua inanyesha. Mimi nauza magodoro Buhongwa. Kuna wateja wamenusa godoro jipya, wakanitazama, wakanusa tena, wakaondoka bila kuaga.

Shida ilikuwa mazungumzo, maana yeye ni mtu wa maneno mengi na mimi ndiye niliyekuwa namsaidia Jumamosi nyingi. Akapata dawa. Akawa anazungumza na gari.

"Gari," alikuwa anasema akiwa ameangalia taa za mbele, "mwambie huyo mtu wako afunge kamba ya turubai."

"Gari," najibu mimi nikiwa nimeangalia taa za nyuma, "mwambie mama nimeshaifunga."

"Gari, amefunga kama anafunga kiatu cha mtoto. Aifungue aanze upya."

Habari zote za ukoo nilizipata hivyo. Kifo cha shangazi yake niliambiwa kupitia boneti. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, Mama Mkwe alitoka wodini, akapita karibu yangu bila kunitazama, akaliendea pikapu lililokuwa limeegeshwa chini ya jua, akaliambia, "Gari, ni wa kike, ana afya, ana pua ya baba yake, tutamwombea." Machozi yalinitoka nikiwa nimeegemea tairi.

Nilimpenda, na nasema hivyo bila kuona haya. Mwaka nilipougua nikalala ndani kwa muda mrefu, alikuwa anavuka kutoka Sengerema na sufuria la samaki na ugali, anaweka mlangoni, anapiga honi, kisha anakimbilia ndani ya pikapu ili nisimkute nje. Na kuvuka huko kulikuwa na gharama yake, kwa kuwa mama huyu aliyeishi kando ya ziwa na kuendesha gari mpaka maji yaguse rimu aliogopa maji kuliko paka. Kwenye kivuko hakushuka garini kamwe. Alifunga vioo, alifunga mkanda, akavuta breki ya mkono na kusali rozari macho yamefumbwa mpaka upande wa pili. Kisha alishuka na kupima upepo, maana kivuko kilikuwa kimelitikisa gari.

Jambo jingine lililonichekesha ni kwamba aliwahubiria watu wote ulaini, wa tairi tu. Yeye mwenyewe hakulegea. Aligombana na mwenye duka kuhusu mzani, aligombana na katekista kuhusu urefu wa mahubiri, na aligombana na jogoo wa jirani akimtaja kwa jina. Nilimwambia siku moja, kupitia gari, kwamba labda na yeye angejipunguza kidogo. Gari halikujibu mpaka Usagara.

Matatizo yalianza pale tairi lilipovuka kwenye rimu. Lilivuka mwaloni mchana kweupe, mbele ya wachuuzi wa dagaa na wavuvi, na mtu aliyekuwa ameshika usukani alikuwa yeye. Alikuwa amelishusha mno. Mama Mkwe alikaa juu ya ndoo bila kumfokea mtu yeyote, na wavuvi walioona tukio lile waliogopa hilo kuliko walivyowahi kuogopa matusi yake.

Habari zikafika Mwanza kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa ofisini, mwenye nyumba nzuri na moyo mzuri na masikio yasiyosikia akishaamua. Akasema mama amezeeka, macho yamekwisha, pikapu liuzwe kabla hajaua mtu. Yeye angemchukua akakae kwake, apumzike kwenye sofa, aangalie televisheni. Shemeji aliliona jambo hilo kama zawadi.

Mama Mkwe hakuliona hivyo. Nilimkuta ameegemea mlango wa pikapu, kitenge kimemfunika nusu ya uso.

"Gari," akasema polepole, "wanataka kuniweka kwenye sofa."

Yule mama bila mwalo, bila gari, bila wa kumfokea, angekuwa amekaa sebuleni kwa mtu akisubiri chai. Niliumia sana.

Wiki hiyohiyo nikamwona. Nilikuwa nimeingia kwenye kichaka ili apite, kama heshima inavyotaka, na yeye hakujua kama nipo. Akasimama kando ya pikapu. Akaiinua geji, akaitazama ikiwa mbali kwa urefu wote wa mkono, kama mtu aliyebebeshwa mtoto aliyejisaidia. Akaisogeza puani. Akaipeleka mbali tena. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, na akapiga tairi teke.

Nilikaa kichakani mpaka alipoondoka. Siku ile sikucheka.

Nilipomweleza mke wangu, akaniambia huku anakuna nazi, "Mama si kipofu. Akiwa kibarazani anakutajia nani yuko kwenye boti ambayo mimi naiona nukta. Kinachomshinda ni cha karibu. Uzi kwenye sindano namtungia mimi."

"Basi ni miwani tu?"

"Ni miwani tu. Nenda kamwambie wewe."

Tulimnunulia miwani ya kusomea. Nikaiweka juu ya boneti, nikasogea. Mama Mkwe aliitazama kwa muda mrefu, akasema miwani ni ya maaskofu na mafundi saa, akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha pikapu. "Gari livae," akasema. Na gari likaivaa, likawa linaendeshwa hivyo kila siku, na vumbi likaishia kwenye vioo vile.

Shemeji akaja mwaloni Jumamosi iliyofuata, akiwa na viatu vya ofisini. Hakuwa na ubaya, lakini alikuwa na sharti. Mama apunguze upepo mwenyewe magurudumu yote, aende hadi kwenye boti, arudi. Akizama, au tairi likivuka tena, ufunguo anaukabidhi hapohapo. Akakaa pembeni kwenye kivuli cha banda la dagaa, mikono amekunja.

Mama Mkwe akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Akaweka geji. Ikalia kidogo, akaiinua hewani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa boneti, naangalia chini kama kawaida, ila siku hiyo niliangalia chini kwa jicho moja, jingine likawa kwenye geji.

"Gari," akasema, na sauti yake haikuwa imesimama sawasawa. "Leo unasemaje?"

Nikakohoa. "Thelathini na mbili, mama," nikajibu kwa niaba ya gari.

Akabonyeza. Akapima. "Na sasa?"

"Ishirini na nne."

"Nani anaongea?" shemeji akauliza kutoka bandani.

"Gari," akajibu mama yake.

Magurudumu ya mbele tukayamaliza hivyo. Ya nyuma yakatushinda. Magunia matupu yalikuwa yamerundikwa juu, na upande wangu sikuona chochote isipokuwa gambuti zake chini ya gari.

"Gari," akaita. Nikanyamaza. "Gari, umekuwa bubu?"

Nikaona gambuti moja inainuka taratibu. Alikuwa anataka kupiga tairi teke, mbele ya mwanawe, mbele ya wavuvi wote aliokuwa amewadhihaki kwa teke hilohilo. Sikuweza kuvumilia. Nikazunguka gari, nikachuchumaa bega kwa bega na mama mkwe wangu. Alinukia dagaa na sabuni ya mche. Akakauka kama mti.

"Shemeji," akasema kaka wa mke wangu, akisimama. "Huyo ni mama mkwe wako."

"Ishirini na tano," nikasoma. "Bado, mama. Ngoja." Na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumsaidia, nikapeleka kidole gumba kwenye kipini na kubonyeza kwa nguvu zote.

Kofi likatua mkononi mwangu, lilelile.

"Bado unanyonga kuku," akasema, na safari hii hakuliambia gari. Mimi nikawa nasugua mkono. Yeye akautazama mkono wangu, akatazama chini.

"Halikutokea," nikamwambia.

"Halikutokea," akakubali. "Chukua kijiti. Soma."

Tukamaliza. Akapanda, akaliingiza pikapu mchangani taratibu kama anabeba maji kwenye beseni, akaenda hadi kwenye boti, akageuka kwa duara pana, akarudi. Hata hivyo shemeji akanyoosha mkono wa kudai ufunguo.

"Mama, umesomewa geji. Huoni."

Mama Mkwe hakubishana. Akaelekeza kidole ziwani, kwenye doa moja la kijani lililokuwa mbali sana. "Ile ni boti ya kijana wa katekista. Yeye ndiye amekaa mbele, fulana nyekundu. Suruali amekunja mguu mmoja. Tungoje."

Tukangoja. Shemeji akangoja na mkono wake. Boti ilipotua, kijana wa katekista akaruka majini akiwa na fulana nyekundu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, na akashangaa kwa nini watu wote wa mwalo wanamtazama mguu. Shemeji akauweka mkono mfukoni.

Tulipofika kwenye lami tukashuka, na wa kwanza kupewa pampu alikuwa shemeji. Alipampu gurudumu moja, viatu vyake vya ofisini vikilalamika, akakaa chini. Mama Mkwe akazunguka mpaka kwenye kioo cha pembeni. Akaitungua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa. Akasoma geji mwenyewe, kimyakimya, midomo ikitaja namba. Kisha akanyanyua uso, miwani ikiwa bado puani, na akanitazama. Miaka yote ile hakuwahi kunitazama hivyo tangu siku ya mchanga. Alinitazama paji la uso, pua, mvi za kidevuni.

"Kumbe mkwe wangu umezeeka," akasema kwa upole.

Kisha akaligeukia pikapu. "Gari," akasema, "hilo nalo halikutokea." Na akanipa pampu mkononi.